Kizibo cha Ndiva ya Ruvumi

Hapo zamani, kabla aliye mkubwa kuliko wote humu ndani hajazaliwa, palikuwa na kijiji kiitwacho Ruvumi. Sogeeni. Na wewe uliyeegemea mlango, amua moja, uingie au utoke, maana hadithi hii haitaki mtu wa katikati. Mwishoni nitawauliza swali, na atakayenijibu "hata sijui" nitamwambia abebe kigoda chake aende kwao.

Ruvumi kilikaa ubavuni mwa mlima. Juu kabisa palikuwa na msitu. Chini ya msitu palikuwa na kinamasi. Chini ya kinamasi palikuwa na ndiva, yaani bwawa dogo lililojengwa kwa mawe na udongo. Chini ya ndiva ndiko walikokuwa watu, mifereji yao na mashamba yao. Shikeni mpangilio huo vizuri: msitu, kinamasi, ndiva, watu. Kila aliye chini alimtegemea aliye juu yake, na wa chini kabisa walikuwa watu.

Kinamasi kile hakikuwa na udongo kama huu wetu. Ardhi yake ilikuwa majani na mizizi ya mafunjo iliyooza na kulaliana, tabaka juu ya tabaka, tangu mlima uwe mlima. Kikilowa, kilihifadhi maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo kiangazi kizima. Kikikauka, kilikuwa kuni. Watoto wa Ruvumi waliambiwa hivyo kabla hawajaota meno.

Basi ukuta wa ndiva ulikuwa na tundu moja. Asubuhi tundu lilizibuliwa, maji yakashuka mfereji kwa mfereji, kila nyumba na zamu yake. Jioni, jua likigusa mlima, tundu lilizibwa, maji yakapanda na kurudi nyuma kuloweka kinamasi hadi alfajiri. Kizibo chenyewe kilikuwa kigogo kinene kama paja, kimezungushiwa maganda ya mgomba, kimechongwa kwa kipimo cha tundu lile na si jingine. Na mtu aliyekishika alikuwa mmoja tu. Aliitwa mshika kizibo. Yeye ndiye aliyefungua maji na kuyafunga. Yeye ndiye aliyesema lini kinamasi kifunguliwe watu wakate mafunjo, wachimbe udongo wa kufinyanga, warine asali, na lini kifungwe pasiingie mtu. Tena mshika kizibo hakufukuzwa kijijini kwa kosa lolote, kwa sababu akifukuzwa, nani ataziba?

Nasema mmoja tu. Kuna wakati walijaribu kuweka wawili. Jioni moja huyu akadhani yule ameziba, na yule akadhani huyu ameziba. Asubuhi ndiva ilikuwa tupu, na samaki wadogo wanarukaruka kwenye tope. Tangu siku hiyo, mmoja.

Sasa mshika kizibo wa wakati huo, Mzee Kajiru, akafariki. Alifariki katikati ya kiangazi, ghafla, bila kumtaja wa kumrithi. Na desturi ya Ruvumi ilikuwa hivi: mshika kizibo akifa, kinamasi hufungwa, na kizibo hukaa nyumbani kwa mjane wake. Hakiguswi na mtu mpaka matanga yaondolewe na mshika kizibo mpya atajwe. Tundu hubaki wazi. Siku kumi, si zaidi. Maji yakikimbia siku kumi, kinamasi huumia kidogo tu, na watu hupata muda wa kulia.

Lakini safari hii siku kumi zilipita, zikapita ishirini, na mshika kizibo hajatajwa. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu ya Kiondo.

Kiondo alikuwa mwanamume wa sauti kubwa na shamba zuri, shamba la kwanza kabisa chini ya ndiva. Alikuwa amejenga nyumba mpya ya kumwingiza mchumba wake, na nyumba ile ilikuwa na mlango wa mbao za mvule aliouchonga mwenyewe misimu miwili. Aliupaka mafuta mlango ule kuliko alivyojipaka mwenyewe. Na mwaka huo alipanda maharage. Maji yalipokimbia mchana na usiku, maharage ya Kiondo yalinywa mchana na usiku, yakatambaa, yakaanza kuchanua. Kwa hiyo kila watu walipokutana kumtaja mshika kizibo, Kiondo alisimama akasema:

"Jamani, mzee hata hajapoa. Mnagombania kigoda chake kikiwa bado na joto lake?"

Watu wakaona haya. Wakainamisha vichwa, wakatawanyika. Kikao cha pili akasema vilevile. Kikao cha tatu akasema vilevile. Nao hawakumpinga sana, maana na kwao mashamba yalikuwa yanakunywa bila zamu. Mchicha ulinawiri, migomba ilipendeza, hakuna aliyeamka alfajiri kulinda mfereji wake. Mimi ningekuwepo ningenyamaza, na wewe unayetikisa kichwa hapo ungenyamaza pia. Juu kule kinamasi kilikuwa kinashuka kama uji unaopoa chunguni, na hakuna aliyepanda kutazama, kwa sababu kilikuwa kimefungwa.

Hakuna aliyepanda? Nimesema vibaya. Walipanda wawili, kila mmoja peke yake, kila mmoja kwa kujificha.

Wa pili wao, ambaye nitaanza naye, alikuwa Bibi Nakijwa, mfinyanzi. Bibi huyu alikuwa na mikono isiyojua kukaa. Matanga yalipozidi mwezi, vidole vikaanza kumuuma kwa kukosa kazi. Akajiambia atachimba kikapu kimoja tu cha udongo, pembeni tu, nani atajua? Akaenda mchana watu wakiwa mashambani. Akiwa hapohapo akafinyanga kijungu kidogo cha kujaribia udongo, akakiweka chini kivulini, akaendelea kuchimba.

Aliporudi kukiokota, akakigeuza mara mbili. Chungu kibichi hukauka kuanzia mdomoni, kwenye upepo, na kitako ndicho hukauka mwisho. Kijungu kile kilikuwa kimekauka kitako, na mdomo bado mbichi. Akaweka kiganja chini. Ardhi ilikuwa na joto. Si joto la jua, maana pale palikuwa kivulini. Lilikuwa linatoka ndani.

Nakijwa akajua. Lakini kumbukeni alivyokuwa pale. Sheria ilisema anayeingia kinamasi kikiwa kimefungwa hunyang'anywa udongo maisha yake yote. Mfinyanzi bila udongo ni nini? Akarudi nyumbani, akanyamaza. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakulala. Siku ya tatu alirudi kule kwa kunyata, akakuta nyayo zake haziwezi kukaa pale alipokuwa amechuchumaa, na vyura wanatoka kinamasi kwa makumi, wanavuka njia kwenda wasikokujua.

Siku ya nne asubuhi, Nakijwa akaingia kikaoni bila kuitwa. Kiondo alikuwa ameshasimama, ameshafungua mdomo kusema mzee hajapoa.

"Kaa chini, Kiondo," akasema Nakijwa. "Kinamasi kinaungua."

Watu wakatazama juu. Mafunjo yalikuwa ya kijani, yanayumba vizuri. Hapakuwa na moshi hata wa kiko.

"Bibi, matanga yamekuchosha," akasema Kiondo. "Moto usio na moshi tumeusikia leo."

"Unawaka chini. Unakula mizizi. Nimeugusa kwa mkono wangu siku tatu zilizopita. Niliingia kuchimba udongo. Nimevunja sheria, mtanihukumu baadaye, lakini njooni sasa."

Wengine wakaguna, wengine wakacheka. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Mama Nambike, mjane wa Kajiru, aliyekuwa akihifadhi kizibo nyumbani kwake. Wakapanda wote. Nakijwa akachukua kibuyu cha maji, akamimina kwenye shimo lake. Ardhi ikatoa sauti ya mafuta ya moto, na mvuke ukapanda usoni mwao. Wakati wamesimama wanatazamana, mafunjo mbele yao yakalala. Hakuna upepo uliopita. Yalilala yenyewe, mamia kwa pamoja, kwa sababu chini hapakuwa tena na mizizi ya kuyashika. Ndama wa Mama Nambike, aliyekuwa amewafuata akila nyasi pembeni, akapiga hatua tatu kuelekea yale majani yaliyolala, na hatua ya nne akazama katika majivu. Alilia mara moja tu.

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Wakakimbilia majembe. Moto wa namna ile hauzimwi kwa matawi. Dawa yake ni kuchimba mfereji mbele yake mpaka kwenye tope, ujae maji, ushindwe kuvuka. Lakini mbele yake ni wapi? Kinamasi ni kikubwa, na moto haukuonekana. Hatimaye moshi mwembamba ukachomoza upande wa mashariki, watu wote wakakimbilia huko, wakaanza kuchimba kama wendawazimu.

Ndipo Sefue akatupa jembe lake chini. Sefue alikuwa mrina asali, kijana mpole, mtu wa maneno machache.

"Acheni kuchimba," akasema. "Haukuanzia hapa."

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyeuwasha."

Sheria ya Ruvumi juu ya moto wa kinamasi ilikuwa fupi: aliyeuwasha hufukuzwa, na harudi. Kila mtu aliijua, na Sefue aliijua.

"Siku kumi zilizopita," akasema, "niliingia kwenye mzinga wangu ulioko upande wa magharibi. Nilijua kimefungwa. Nyuki wakanizidi, kienge cha kuwafukizia moshi kikaniponyoka mkononi, kikaanguka. Nilishuka nikakikanyaga mpaka kikazimika. Nilikikanyaga sana, wazazi wangu. Nilidhani kimezimika."

Wakapima kwa hatua. Kutoka mti wenye mzinga wa Sefue hadi shimo la Nakijwa zilikuwa hatua mia moja na arobaini. Siku Nakijwa alipoguswa na joto, moto ulikuwa na siku saba. Kwa hiyo ulikuwa ukitembea hatua ishirini kwa siku, polepole kuliko kobe, ila kobe hulala. Na kutoka mahali ulipokuwa umefika, hadi jicho la kinamasi ambapo maji yote ya Ruvumi hutokea, zilikuwa hatua mia moja tu zimebaki. Siku tano. Mvua ilikuwa miezi miwili mbele. Ule moshi wa mashariki ulikuwa mkono mmoja tu wa moto, umejitenga na kutoa moshi. Kama wangeendelea kuchimba kule, jicho lingeungua nyuma ya migongo yao.

Lakini hesabu haichori mstari ardhini. Ilibidi mtu aingie apapase, ajue ukingo wa moto uko wapi hasa. Nani aende, baada ya ndama? Sefue akachukua mkeka, akachukua mti mrefu, akalala kifudifudi. Akawa anasukuma mkeka mbele, anachoma ardhi kwa ule mti, anauchomoa, anashika ncha. Ikiwa baridi, anaweka alama. Ikiwa moto, anarudi nyuma. Alitambaa hivyo mchana mzima. Alasiri ardhi ikavunjika chini yake, mguu wa kulia ukaingia hadi gotini. Alipiga ukelele ambao watu wa Ruvumi waliusikia masikioni miaka mingi. Akautoa mguu, sitaki kuwaeleza ulivyokuwa, akaendelea kutambaa hadi alama ya mwisho. Kisha wakamvuta kwa kamba.

Watu wakachimba kufuata alama. Wanaume, wanawake, wazee, wote. Kesho yake jioni mfereji ulikuwa umefika kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini ulikuwa mkavu. Maji yote yalikuwa yanakimbilia mabondeni kupitia lile tundu, kama yalivyokimbia tangu Kajiru alipokufa.

"Zibeni tundu!" mtu akapiga kelele.

"Nani azibe? Hatuna mshika kizibo."

"Basi tumtaje sasa hivi!"

Wakaanza kumtaja. Ukoo huu ukasema huyu, ukoo ule ukasema yule, wakashikana mashati. Huku moto unatembea. Wengine wakasema anayegusa kizibo bila kutajwa huleta kifo kingine nyumbani mwake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukigusa. Mama Nambike alisimama nacho kifuani, analia kwa hasira.

Kiondo alikuwa ametazama yote hayo. Akateremka mbio hadi kwake. Wakasikia nyundo. Akarudi amebeba ule mlango wa mvule mgongoni, na nguzo za nyumba yake zinaburutwa na ng'ombe. Akaingia ndani ya ndiva hadi kifuani, akausukuma mlango juu ya tundu, akaukaza kwa nguzo, akasindilia tope.

"Kizibo sijakigusa," akasema. "Nimeweka mlango wangu. Atakayekufa kwa hilo ni mimi."

Na alijua anachofanya. Maji yalipozuiwa mchana na usiku, mifereji ya chini ilikauka yote, na shamba la kwanza kukauka lilikuwa lake. Maharage yakafa maua yakiwa juu. Nyumba ikabaki bila mlango, imeinama upande mmoja, na wazazi wa mchumba wakatuma ujumbe kwamba binti yao hawezi kuingia nyumba ya namna hiyo.

Lakini alfajiri maji yalikuwa yamepanda ndani ya mfereji, magotini. Moto ukafika, ukatoa mvuke na sauti ya kutisha, ukasimama. Watu walikaa ukingoni wakitazama, hawakushangilia. Mtu aliyeogopa kiasi kile hashangilii upesi.

Mngependa niishie hapo, eh? Mimi pia ningependa.

Siku ya tatu mlango wa mvule ukapasuka. Uliumbwa kuwa mlango, haukuumbwa kubeba bwawa. Ulipasuka ufa mmoja kutoka juu hadi chini, maji yakaanza kutoka, kwanza unene wa kidole, kisha unene wa mkono. Wakatia mawe, yakatemwa. Wakatia matope na majani, yakatemwa. Na ndani ya mfereji maji yakaanza kushuka, na ng'ambo ya pili, pale ambapo moto ulikuwa umejilaza tu haujafa, moshi mwembamba ukasimama. Kitu pekee kinacholingana na tundu lile kilikuwa kizibo. Na kizibo kinawekwa na mkono mmoja uliotajwa, jua linapogusa mlima.

Wakakusanyika hapohapo juu ya ukuta wa ndiva. Mama Nambike akakiweka kizibo juu ya mkeka.

"Leo hakuna wa kuniambia mzee hajapoa," akasema. "Mume wangu amepoa. Semeni nimpe nani. Mimi kama mjane ndiye wa kukabidhi, lakini nataka kusikia."

Nakijwa akasimama. "Nipe mimi. Bila mimi mngekuwa mmekaa juu ya moto mnasifia majani ya kijani. Mtasema nilinyamaza siku tatu. Ni kweli, niliogopa. Mikono hii haijui kazi nyingine. Lakini nilikuja kwa miguu yangu, hakuna aliyenikamata, nikasema na kosa langu. Mshika kizibo ni mtu anayelijua joto kabla ya moshi. Nani mwingine hapa alilijua?"

Kiondo akasimama. "Nipe mimi, mama. Bila mimi mfereji wenu ungekuwa kaburi kavu. Mlijua moto uko wapi, haya, mngeuzima kwa nini? Kwa mate? Nilichelewesha vikao, ndiyo. Uroho ulinishika, nasema mbele yenu wote. Lakini nimelipa. Sina maharage, sina nyumba, sina mke. Kuna mwingine aliyetoa kitu chake? Tena hawa wawili waliingia kinamasi kikiwa kimefungwa. Mimi sikukanyaga hata jani."

Sefue hakuweza kusimama. Mguu wake ulikuwa umefungwa majani ya mgomba, naye amekalishwa na nduguze. Akasema akiwa chini.

"Bila mimi mngechimba mashariki mpaka leo. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua, mngesema ni radi. Nilijua nitafukuzwa, nikasema. Mkinipa kizibo nabaki, msiponipa naondoka, na kwa mguu huu sijui nitafika wapi. Lakini sikiombi kwa huruma. Nakiomba kwa sababu nitashtuka usingizini kila usiku maisha yangu yote, nitoke nikatazame tundu. Nyinyi mtasahau. Mimi siwezi."

"Mwanangu," akasema Nakijwa, "nakuonea uchungu. Lakini uliyechoma, upewe kulinda?"

"Na siku tatu zako bibi," akasema Kiondo, "ni hatua sitini zilizoungua. Nenda kazitazame."

"Na siku zako wewe?" Nakijwa akamgeukia. "Kienge cha Sefue kingeangukia kwenye maji, kama si hizo siku zako! Ni nani alikifanya kinamasi kuwa kuni?"



Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Wapeni wote watatu!"

"Wawili walitukaushia ndiva," akasema Mama Nambike. "Sasa unataka watatu?"

Mwingine akasema, "Basi apewe mtu asiye na kosa."

"Vizuri. Yule ambaye shamba lake halikunywa maji ya matanga na ajitokeze, nimpe." Akangoja. Watu wakatazama miguu yao. Hakuna aliyesogea, na maji yaliendelea kutoka.

Mama Nambike akainama, akakiokota kizibo, akakibeba kwa mikono miwili. Alijua kwamba akimpa Nakijwa, anampa mtu mwenye miaka michache iliyobaki, aliyewahi kuujua moto akaogopa kusema. Alijua kwamba akimpa Kiondo, anampa maji mtu ambaye maji yalishawahi kumshinda. Alijua kwamba akimpa Sefue, sheria ya moto imekufa siku hiyo, na kesho mwingine ataangusha kienge akisema hata yule alisamehewa. Na alijua kwamba asipompa mmoja wao, jua litazama, tundu litabaki wazi, na moto utavuka.

Sasa msinitazame mimi. Mnatafuta nini usoni kwangu? Mimi nimeshawaambia yote ninayoyajua. Wewe wa mlangoni, wewe uliyecheka Kiondo alipokuja na mlango, wewe uliyelia Sefue alipopiga ukelele, semeni upesi, maana jua limebakiza upana wa kidole kuugusa mlima. Mbele ya Mama Nambike wapo watatu: aliyelijua joto akalificha, kisha akalisema. Aliyekausha kinamasi, kisha akakilowesha kwa mali yake yote. Aliyewasha moto, kisha akaufuata kwa tumbo. Bila yeyote kati yao kinamasi kisingeungua hivyo, na bila yeyote kati yao kisingepona.

Je, kizibo akiweke mikononi mwa nani?